Siku Kiboko Alipofagia Bwawa

Ngano hii nilisimuliwa kwanza na wifi yangu Nyamizi, tukimenya viazi. Basi nikisema paukwa, itikieni pakawa, hata aliye na chakula mdomoni.

Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa dogo ndani ya hifadhi. Siku moja ikaja habari kwamba watu watakuja kulitembelea. Kiboko, mkubwa wa pale, akashika ufagio.

"Wageni wakute tope? Watasema sisi ni watu gani?"

Akafuta vumbi kwenye yungiyungi, akang'oa mafunjo, akazoa tope lote na kulitupa nje ya ua.

Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Shusha huo mwingine," Kiboko akamwambia. "Wageni wako njiani."

Kamongo, samaki alalaye topeni wakati wa kiangazi, akauliza, "Sasa mimi nitalala wapi?"

"Utalala kwenye mkeka kama wenzio. Wageni wako njiani."

Mara Mama Chura akaja mbio. Chemchemi bado ilitoa maji, lakini hapakuwa na tope wala mafunjo ya kuyazuia, basi yalipita moja kwa moja, yakaenda zake.

"Bwana Kiboko, mayai yangu yanakauka. Jua likifika utosini, sina watoto tena."

"Vumilia kidogo, mama. Wageni wako njiani."

"Hodi," sauti ikasema. Alikuwa mwanamke na wanawe. Walipoona palivyo safi, wakavua viatu.

"Bwawa liko wapi?" mwanamke akauliza.

"Hapo uliposimama," Kiboko akajibu kwa fahari. "Tumelifagia likaisha."

"Dada, usikanyage," Mama Chura akalia. "Hao mbele ya kidole chako ni wanangu."

Yule mwanamke akabaki mguu juu. Korongo alipomwona, naye akainua wake, akashusha pumzi.

Mwanamke akamimina maji yake ya kunywa juu ya mayai, akafunga khanga kiunoni, akaanza kurudisha tope ndani.

"Shemeji, unatuaibisha," Kiboko akanong'ona. "Mgeni haingizi uchafu kwenye nyumba ya watu."

"Shika mafunjo hayo, uyachomeke hapa."

Wakabeba, wakabeba, wakabeba. Jioni maji yakatulia, mayai yakaelea. Kamongo akajizika topeni bila kuaga mtu. Kiboko akawasindikiza wageni mpaka langoni, kichwa chini.

"Mtusamehe," akasema. "Safari ijayo mtatukuta wachafu."

Hadithi yangu imekomea hapo. Nami asubuhi baada ya kusimuliwa na Nyamizi nilifagia uwanja, nikafika kwenye kidimbwi nyuma ya jiko, nikaona viluwiluwi, nikakizunguka.