Nyanya Zilizochelewa Kuiva

Mtu mmoja, Anangisye kwa jina, alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na tangu wamzike mama yao hawakuwa wamesemezana. Kosa lilikuwa lake. Alimtukana nduguye mbele ya waombolezaji. Ndugu huyo, Ambwene, aliishi ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu. Anangisye alikula peke yake, akalala peke yake, na upweke ulimuuma.

Huko kwao milimani, aliyemkosea nduguye haendi kuomba radhi mikono mitupu. Hupeleka kikapu cha mavuno ya kwanza ya shamba lake, na wakishakula pamoja neno limekwisha. Basi mwaka huo Anangisye akaazimia kupanda nyanya.

Jirani yake, Mama Tusekile, alimletea mbegu za nyanya fupi, zile zisizohitaji miti ya kuegemea, zinazozaa mapema kabla baridi haijakaza. Anangisye akaguna. Matunda yake ni madogo, manne hukaa kwenye kiganja. Ndugu aliyetukanwa kaburini apelekewe vitu hivyo? Alitaka kosa kubwa lifunikwe na tunda kubwa. Akashuka hadi nchi ya joto, akanunua mbegu za nyanya ndefu. Muuzaji alimwambia wazi kwamba hizo huchelewa na hazipendi baridi. Alisikia, lakini kiburi kina masikio ya pambo tu.

Nyanya zilirefuka kweli. Alizichomekea miti, akazifunga kamba, akazipalilia kama mtu anayelea mtoto. Wapita njia walizisifu, na sifa hizo ndizo mazungumzo pekee aliyokuwa nayo. Mama Tusekile alikuwa amekwisha kuvuna zake fupi, amekula na kugawia majirani.

Mwezi wa tano habari zikavuka bonde: Ambwene amebanwa na kifua, hatoki kitandani. Anangisye akaenda shambani mbio. Nyanya zake zilikuwa kubwa, nzuri, na mbichi kabisa. Mama Tusekile alimpa kikapu cha zake, akakikataa, kwa kuwa hazikuwa jasho lake. Akasema moyoni, wiki mbili tu. Wiki mbili zikapita, baridi haikuziacha ziive. Akaongeza nyingine mbili.

Kisha ikaja sakitu. Alfajiri moja umande uliganda mweupe juu ya kila jani, na jua lilipotoka mashina yote yalikuwa yamelala chini, meusi. Anangisye alikuwa bado amesimama katikati yake alipofika mtu kumwambia kwamba nduguye amefariki.

Alivuka bonde bila kitu mkononi. Msibani watu walimpisha njia. Mjane wa Ambwene alimtazama bila hasira, na hilo lilimwuma kuliko hasira.

"Shemeji," akasema, "kila mlango ulipobishwa aliuliza kama ni wewe. Hata siku moja hakuuliza umebeba nini."

Anangisye aliketi pembeni mwa mkeka, akalia kwa sauti, na watu walidhani analilia kifo.

Nanyi mnaonisikiliza, ni nani anayewangoja leo, ilhali ninyi mngali mnangoja tunda likue?