Maji ya Bata na Mizizi ya Matete

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja kule Makambako ambaye mumewe alipigwa na kiharusi. Upande mmoja ukalegea, maneno yakaisha. Kutwa anakalishwa barazani, anatazama ukuta. Kitu kimoja tu kilimchekesha: bata wa nyumbani kwenye kidimbwi cha uani. Bata akizamisha kichwa na kubinua mkia, yule baba anacheka mpaka machozi.

Lakini bata mnawajua. Anakunywa humo, anaoga humo, na haja zake humo humo! Maji yakawa kijani, yakanuka, mbu wakajaa. Jirani akaja juu.

“Mama Atu, nimechoka. Wachinje au wauze, la sivyo naenda kwa mwenyekiti wa mtaa.”

“Nipe muda kidogo, dada.”

“Muda wa nini? Bata ataacha lini kujisaidia majini?”

Wewe ungefanyaje? Umwage maji kila siku, na bomba linatoka kwa zamu? Utie dawa, bata wafe, na kile kicheko kife nao?

Mama yule akakumbuka kijito cha kwao. Ng'ombe waliyavuruga maji juu, lakini yakishapita kwenye matete, yalikuwa yametakata. Basi akachimba mfereji mpana kando ya kidimbwi, akaujaza kokoto, akapanda matete. Kila asubuhi akachota maji machafu, akayamimina upande wa juu. Yakapenya polepole kwenye mawe na mizizi, yakarudi kidimbwini.

Watu wakamcheka: “Anapanda majani kwenye mawe!” Na kweli, mwanzoni harufu ilikuwa ileile. Mama akazidi kumimina. Matete yakashika, yakapita urefu wa uzio. Siku moja akainama, akaona sakafu ya kidimbwi.

Jirani akaja tena, akashangaa.

“Umewafunza adabu hawa bata?”

“Bata ni walewale. Wanachafua kama jana.”

“Sasa uchafu unakwenda wapi?”

“Unaishia kwenye mizizi. Matete yanaula. Hebu yaone yalivyonawiri!”

 Jirani akaketi chini, khanga usoni.

“Mama Atu, mimi niliwaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemroga mumeo. Yalikufikia?”

“Yalinifikia. Siku ileile.”

“Ukamwambia nani?”

“Sikumwambia mtu. Inuka, dada, twende ndani tunywe uji. Baba naye hajanywa.”

Mmemsikia huyo mwanamke? Mimi namstahi kuliko wahubiri wengi, na mimi nikiwemo!

Sisi tunamwomba Mungu atupe kanisa lisilo na wachafuzi. Halipo, ndugu zangu. Watu watasema, watakosa, watatupaka matope. Swali ni hili: tope likikufikia wewe, linakwenda wapi? Wengi wetu tunalipokea kwa mkono wa kulia na kulipitisha kwa wa kushoto, tena tumeliongezea chumvi. Halafu tunashangaa jumuiya inanuka!

Wiki hii kuna neno lilikufikia, kuhusu mtu aliyeketi humu ndani. Usigeuke kumtazama. Ibada ikiisha, mpe mkono, umuulize hali ya nyumbani kwake. Na lile neno, mpendwa, likomee kwako.