Nishani ya Fisi, Daraja la Kwanza

"Mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Nani bado kasimama?"

"Siafu peke yao!"

"Basi wapisheni njia. Nitasimulia polepole, maana hadithi hii inachosha."

Siku moja siafu waliingia bondeni, charr, charr, charr, wakajaa shimo la sungura. Wanyama wote wakakimbilia kilimani, Bwana Fisi mbele yao. Nguchiro hakukimbia. Aliingia shimoni, akatoka na mtoto wa sungura. Akaingia tena, akatoka na mtoto. Akaingia mara ya tatu, akatoka na mtoto. Wengine husema aliingia mara saba. Kwetu tunasema nne. Mara ya nne hakutoka.

Siafu walipoondoka likaja jua kali, kikabaki kisima kimoja. Ikatungwa sheria: mwenye nishani ya ushujaa atakunywa kwanza. Wengine watakunywa baadaye, na baadaye ilikuwa matope.

Bi Nguchiro, mjane, alikuwa na wanawe watatu, midomo imewakauka. Akaenda kwa Kobe, karani wa nishani. Kobe akafungua kitabu, para, para, para.

"Mama, lete mashahidi wawili, watu wazima, wasio ndugu. Na kila shahidi aseme siku ile alikuwa amesimama wapi."

Bi Nguchiro akamwendea Swala, akamwendea Ngiri, akamwendea Pundamilia. Kila mmoja alikuwa ameona. Kila mmoja akatazama chini, maana kusema alisimama wapi ni kusema alikuwa kilimani.

"Huna mashahidi?" akauliza Kobe.

"Sina."

"Pole, mama. Vigezo ni vigezo."

Alirudi siku arobaini. Siku arobaini Kobe alimsomea vifungu vilevile, mpaka mama wa watu akavijua kwa moyo.

Kisha akaja Bwana Fisi kudai nishani, na mashahidi wake, tumbusi wawili aliozoea kuwaachia mabaki.

"Mlisimama wapi?" Kobe akawauliza.

"Hatukusimama. Tulikuwa tunaruka."

Kobe akatazama kitabu. Hakikukataza. Fisi akavishwa nishani ya daraja la tatu, akanywa kwanza, gub, gub, gub.

"Hongera, shujaa," akasema Bi Nguchiro. "Ila ya tatu? Mtu mzito kama wewe?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Mwenye ya pili hunywa mara mbili."

Kesho yake Fisi akavishwa ya pili. Gub, gub, gub. Gub, gub, gub.

"Hongera, shujaa. Ila ya pili?"

"We mama, sema upesi!"

"Mwenye ya kwanza, zamu yake haina mwisho."

Fisi akakimbia kwa Kobe, tumbusi nyuma yake.

"Bwana Fisi, nikusomee vigezo?"

"Vya nini? Ninavyo vyote!"

"Mashahidi, mnaapa?"

"Anavyo vyote!"

"Tia ukucha hapa."

Chwap!

Ndipo Kobe akasoma, kwa sauti ya mtu aliyesoma mara nyingi: "Awe aliingia palipo na adui akijua hatari. Awe ameokoa wengine. Awe hakurudi."

"Lakini mimi nipo hapa!"

"Mashahidi wawili wameapa kwamba hukurudi. Na wewe umekiri."

"Nifute!"

"Vigezo ni vigezo, marehemu."

Tumbusi wakageuka, wakamtazama Fisi kwa jicho jingine. Kwao marehemu ni chakula. Fisi akatimka, pu, pu, pu, na bondeni hajaonekana tena.

"Zamu ya marehemu ni ya nani?" akauliza Bi Nguchiro, ingawa alijua.

"Ya mjane wa siku ile ya siafu."

Mjane wa siku ile alikuwa mmoja tu. Wanawe wakanywa maji safi mpaka matumbo yakajaa.

"Na jina la mume wangu?"

Para, para, para. Kitabuni, daraja la kwanza, palikuwa na jina la Fisi.

"Una mashahidi, mama?"

"Sina."

"Pole."

Bi Nguchiro akawafuta wanawe midomo, akawapeleka nyumbani. Kesho yake akarudi kwa Kobe.

"Nimefika mwisho wa hadithi, wenzangu."

"Umefika salama?"

"Salama, ila miguu inauma. Shikeni funzo: mkiona watoto wanaliwa na siafu, msiingie upesi. Tafuteni kwanza mashahidi wawili, watu wazima, wasio ndugu zenu, wakubali kusimama karibu. Siafu watangoja."