Kumchunga Chui wa Sultani

Hapo zamani, hukumu ya Sultani ilipokuwa haina rufaa, Sultani wa Kidutani alilea chui tangu kitoto, akamvika ukanda wa fedha shingoni, akamlaza juu ya mito ya hariri. Ikawa kila alfajiri chui hutoka kwa mlango wa jikoni, na kila asubuhi mtu mjini humlilia mbuzi wake.

Faki, fukara mwenye maneno mengi, alibakiwa na mbuzi jike mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wake yatima. Basi akaenda barazani kushitaki.

"Chui wangu?" Sultani akasema. "Huyu hula wali wa maziwa mkononi mwangu. Nyinyi ndio wazembe. Hukumu yangu ni hii: mwenye mbuzi na achunge chui. Na ukirudi hapa kulalamika, huyo mbuzi aliyesalia namchukua mimi."

"Nimesikia na nimetii, maulana," Faki akasema, akaondoka akitabasamu.

Alfajiri akamngoja chui mlangoni pa jikoni na sinia la wali wa maziwa waliouchangia majirani. Chui, kwa kuwa amezoea watu, akanusa, akala, na Faki akapitisha kamba katika ule ukanda, akamwongoza taratibu hadi malishoni. Watumishi wakamtafuta mji mzima; malishoni hawakufika, maana huko jua ni kali. Hata siku zilipopita, Sultani akatoka mwenyewe, akamkuta chui kafungwa mtini, na Faki anampungia kitita cha majani.

"Kula, bwana mkubwa. Wenzio wote wanakula."

"Ewe mwehu, wafanya nini?"

"Nachunga chui, maulana, kama ulivyohukumu."

"Mbona amekonda hivi?"

"Hilo ndilo linalonitatiza. Majani hataki, nikasema labda ni ugeni. Wali wa maziwa nampa kila siku, na sinia analilamba. Nawe wamjua kuliko mimi, maulana: ni chakula gani kingine alichokipata kwako, ambacho hapa hakipati?"

Sultani akatupa macho malishoni. Kando yao mbuzi wa mji walitafuna majani, na tangu chui aletwe hapo hakupungua hata mmoja. Ndipo kicheko kikamponyoka, akacheka hata kilemba kikamwenda upande.

"Kila aliyepoteza mbuzi alipwe kutoka zizi langu," akasema, "nawe Faki uchague wa kwanza."

"Na hao, maulana, nani awachunge?"

"Wachungeni nyinyi," Sultani akasema, akiifungua kamba mtini na kuizungusha mkononi mwake. "Chui nitamchunga mimi."