Hitima ya Mheshimiwa Fisi

Kisiwa cha Pindu kilikosa mvua misimu mitatu mfululizo, ila katika habari ilinyesha kila Jumanne. Msomaji wa habari alikuwa Kasuku. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe la sokoni, akaanza na jinsi Mfalme Simba alivyolala, ubavu gani na kwa heshima kiasi gani, kisha akaja kwenye kisima.

"Mheshimiwa Fisi, Mkuu wa Kisima, anawaarifu wananchi kuwa kisima kimejaa mpaka mdomoni. Anayesema hakina maji ni mwongo. Na anayekanusha habari atahama kisiwa siku hiyo hiyo, bahari ikipwa."

Maji ya kisima yalikuwa yamehamia kwa Fisi. Aliyahamisha mwenyewe ndoo kwa ndoo, akayafungia kwenye birika la mawe chini ya kitanda chake, akawa analala juu yake. Bara, ng'ambo ya mkondo, Tembo walikuwa tayari kuvuka na maji mikongani, wakingoja kuombwa tu. Lakini nani aombe maji, na habari imesema kisima kimejaa, na aliyehamishwa harudi?

Bi Paa alikuwa amezaa siku nne nyuma. Siku ya pili maziwa yakamkauka. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akilamba mawe.

Jirani yake Sungura alikuwa na digrii ya maji, daraja la kwanza. Alipoomba kazi kisimani aliambiwa hana uzoefu. Kazi akapewa Fisi, ambaye uzoefu wake ulikuwa kiu. Na kwa kuwa Fisi hakujua kisima kinaanzia juu au chini, aliletewa mtaalamu kutoka nchi za baridi, Bwana Korongo, aliyepewa nyumba, mwavuli na muhuri. Kila asubuhi Korongo alisimama kwa mguu mmoja sokoni, akasikiliza habari, akawaandikia jamaa zake barua za kuchekesha.

"Kwetu," alisema Korongo asubuhi hiyo, "jambo hutokea, kisha habari ikafuata. Hapa habari hutangulia, na jambo likipata nafasi litakuja. Intrestingi sana."

"Wewe unacheka, bwana mgeni," akasema Bi Paa, "kwa sababu una mabawa."

Korongo akabadilisha mguu.

"Si uruke basi ukawaambie Tembo?" akauliza Sungura.

"Haimo katika mkataba. Mimi ni mshauri. Kazi yangu kushauri."

"Haya, tushauri. Katika habari zote za hapa, ipi ya kuaminika?"

Korongo akafikiri. "Za vifo. Miaka mitatu niko hapa, sijaona aliyekuja kulalamika."

Masikio ya Sungura yakasimama, moja baada ya jingine.

"Na huo muhuri wako unafanya kazi gani?"

"Naugonga kwenye ripoti."

"Nani anazisoma?"

"Hakuna. Wanaangalia muhuri."

Sungura akachuma jani la mgomba, akaandika mistari mitatu, akamwekea mbele. Korongo akatazama mawinguni. Ndipo Bi Paa alipomsogeza mwanawe. Mtoto akaanza kulamba mguu wa mtaalamu, maana ulikuwa bado na umande. Korongo aliangalia chini muda mrefu kuliko alivyozoea kuangalia chochote kisiwani. Kisha akagonga muhuri.

"Sijasoma," alisema.

"Ofkozi," akajibu Sungura. "Hakuna anayesoma."

Kesho yake Fisi alikuwa pwani ya kusini kwenye semina ya ukame, kwa sababu semina ilikuwa na vitafunio. Kasuku akapanda jiweni, akalikuta lile jani, akaona muhuri, akasoma bila kupepesa jicho. Tangu aanze kazi alikuwa hajapata kuelewa habari hata moja, na ndiyo maana aliajiriwa.

"Tanzia. Mheshimiwa Fisi, Mkuu wa Kisima, amefariki dunia. Maiti ataoshwa kwa kutoswa katika kisima alichokijaza mwenyewe. Baada ya hapo hitima. Nyama ipo."

Kisiwa kizima kikaenda kisimani. Simba naye akaja, kwani hakupenda watu wakusanyike mahali asipoonekana. Akatoa rambirambi ndefu. Akasema marehemu hakupata kusema uongo. Akadondosha chozi moja, akageuka kutazama kama limeonekana.

Nyama haikuwepo. Sungura alitupa ngozi kuukuu ya mbuzi juu ya makaa, upepo ukaibeba harufu kusini, mpaka kwenye mada ya pili ya semina. Fisi hakungoja mada iishe, wala hakungoja kuuliza nani amekufa. Alifika anahema, kitambulisho cha semina kikining'inia shingoni, akapita katikati ya waliokuwa wanalia na kukaa mbele kabisa.

"Sinia liko wapi?"

"Linakuja, mheshimiwa," akasema Sungura. "Sharti maiti aoshwe kwanza."

"Basi aoshwe haraka. Mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunamngoja yeye."

"Hata kufa mtu anachelewa," akanung'unika Fisi. "Kwani ni nani?"

"Wewe."

Fisi akacheka, maana ndiyo tabia yake. Hakuna aliyemfuata.

"Acheni mzaha. Niko hai."

"Unakanusha habari?" akauliza Bi Paa.

"Anayekanusha habari," akasema Kasuku kutoka tawini, kwa mazoea, "atahama kisiwa siku hiyo hiyo, bahari ikipwa."

Fisi akatazama bahari. Akatazama makaa. Pua yake ikaamua.

"Haya, nimekufa," alisema. "Lakini nile kwanza."

"Maiti hali kabla ya kuoshwa," akasema Sungura.

Nyati wawili wakamshika miguu, wakamning'iniza juu ya mdomo wa kisima, kichwa chini. Kitambulisho kikamteleza shingoni, kikaanguka. Wote wakasikiliza. Baada ya kitambo likasikika *ka* la kitu kikavu juu ya mawe.

"Usiogope, mheshimiwa," akasema Sungura. "Kimejaa mpaka mdomoni. Hutaumia."

"Msiniachie, jamani. Hakina maji. Nitavunjika shingo."

"Rudia, baba," akasema Bi Paa. "Mwanangu amedhoofika, hasikii vizuri."

"Hakina hata tone. Maji yako kwangu, chini ya kitanda."

Walivunja mlango. Mtoto wa Paa alikunywa wa kwanza, akanywa mpaka masikio yakamtetemeka, na ndipo wengine waliposogea. Korongo akaruka bara kuwaita Tembo, jambo ambalo mpaka leo halimo katika mkataba.

Fisi akamwangukia Simba miguuni. "Mfalme wangu, waambie niko hai."

"Nimekwisha kutoa rambirambi," akasema Simba. "Simba halambi alichokwisha kutema."

Basi bahari ilipokupwa, Fisi alivuka kwenda bara peke yake, akiwa mkanushaji wa habari na vilevile marehemu. Hakuna aliyemwambia kwaheri, kwa kuwa maiti haagwi mara mbili.

Asubuhi iliyofuata Kasuku alieleza Simba alivyolala, kisha akatangaza kuwa nafasi ya Mkuu wa Kisima iko wazi, mwombaji awe na uzoefu wa miaka kumi. Hakuna aliyekuwa sokoni kumsikiliza. Wote walikuwa kwenye birika na ndoo zao, na Sungura, bila barua ya ajira, alikuwa anawagawia kwa zamu.

Siku hiyo barua ya Korongo kwa jamaa zake ilikuwa fupi: "Hatimaye habari imekuja nyuma ya jambo. Sikucheka."

Na huko bara, ukimwona Fisi anatembea peke yake ameinamisha mgongo, usimuulize kulikoni. Watu wa Pindu watakujibu kwa niaba yake: mchimba kisima huingia mwenyewe.