Nani Amtoe Mtoto Nje

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mwanamke wa shamba la karafuu, jina lake Kibibi. Mimba tatu zilimharibikia. Ya nne ilipoingia, miguu ikavimba, kichwa kikamgonga. Bi Asaa, mkunga wa zahanati, akampima, akaguna.

"Presha, mwanangu. Dawa umeze, kila wiki uje nikuone, na gunia la karafuu usiliguse tena."

Basi sikilizeni walichofanya watu watatu.

Makame, mumewe, alichota maji yeye. Alitwanga yeye. Alifua yeye, mchana kweupe, wanaume wakamcheka: "Makame kavaa kanga!" Naye akatwanga tu.

Bi Time, mama mkwe, aliambiwa ampunguzie Kibibi chumvi. Nyumba ile walikula sinia moja. Akasema, "Mja mzito hali pembeni, kana kwamba kafukuzwa." Akapunguza chumvi ya nyumba nzima. Bibi yule aliyependa papa mkavu wa chumvi kupita kiasi alikula mchuzi chapwa miezi sita, wala hakununa. Naam, alinuna kidogo.

Na Bi Asaa? Yeye alimfundisha Kibibi kukaa. Cheka ukitaka! "Kila asubuhi kaa kitako, mkono tumboni. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu. Hofu ikija, iache ipite, urudi kwenye pumzi. Kisha mhesabu mwanao anavyocheza."

Siku ya kwanza Kibibi alikaa akalia. Ya pili akalia. Siku zikapita, hofu ikapungua, na asubuhi moja akamsikia. Tangu hapo mtoto akawa anacheza mara kumi kabla jua halijafika kizingitini.

Mwezi wa nane, siku moja, jua likavuka kizingiti. Mtoto kacheza mara mbili tu.

"Amelala, mwanangu," akasema Bi Time. "Usijitie wahaka."

"Hapana, mama. Huyu namjua. Nipelekeni sasa hivi."

Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba. Makame akashika mguu mmoja wa kitanda, na walewale waliomcheka wakashika mitatu. Mbio hadi zahanati, Bi Asaa akapanda naye gari la wagonjwa hadi hospitali ya mjini. Kibibi akapasuliwa. Akatolewa mtoto wa kike, mdogo hata unaogopa kumtazama. Kimya. Kimya. Kisha akalia! Subhanallah, mwenzenu nikisimulia hapa mwili wanisisimka. Daktari akasema, "Mngengoja hadi mchana, mngezika."

Arobaini ikafika. Sasa kijiji kile kina ada yake: mama hamtoi mwanawe nje. Humkabidhi mtu mmoja kizingitini, na huyo ndiye humwonyesha jua na kumpa jina. Mmoja tu, basi.

Makame akanyoosha mikono. "Nipe mimi. Zile tatu nilikuacha ubebe magunia, kwa ujinga wangu. Hii nimeibeba mwenyewe."

Bi Time akanyoosha mikono. "Siku ile nilikosea, nakiri mbele ya watu. Lakini mtoto huyu kakulia kwenye chungu changu."

Bi Asaa akanyoosha mikono. "Mlitwanga, mlipika, ahsanteni. Lakini asiyefundishwa kusikiliza angejuaje siku ya hatari?"

Kibibi akawatazama, machozi yakamtoka. "Nyote mna haki, na nyote nawapenda. Lakini aliyekaa na hofu yake kila asubuhi ni nani? Aliyesema hapana ni nani?" Akainua mguu juu ya kizingiti, mtoto kifuani.

Haya, mlioketi hapa, jua linapanda na mtoto hana jina. Mguu ule ushuke nje, ada ivunjike? Au urudi ndani, na mikono ya nani impokee? Je, nani alistahili kumtoa?