Figa la Tatu na Tawi la Nanaa

Chungu?

Kipo jikoni!

Na kilichomo?

Funua tuone!

Basi nafunua, wajukuu zangu. Sogeeni, na wewe uliyekalia khanga yangu, inuka kidogo. Haya.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, kabla masufuria hayajaja, mawe ya jikoni yalipohesabiwa kuwa jamaa za nyumba, kulikuwa na kijiji kikiitwa Bubujini. Kiliitwa hivyo kwa sababu maji yalibubujika kila mahali. Ukichimba shimo la kupanda mgomba, maji. Ukisimama pahali pamoja kwa muda, nyayo zako zinalowa. Na penye maji pana majani. Watu wa Bubujini walipanda kotimiri, walipanda nanaa, walipanda mrehani, na mchuzi wao ulinukia mpaka mpita njia akasahau alikokuwa akienda.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana kisa kizima kimekaa juu yake.

Kijana wa Bubujini akioa, nyumba yake mpya huwekewa mafiga mawili jikoni. Mangapi?

Mawili!

Na chungu hukaa juu ya mafiga mangapi?

Matatu!

Mmeona! Figa la tatu lilibaki mlangoni kwa mama wa kijana. Siku ya harusi, mama mkwe alimkabidhi bibi harusi fungu la majani mabichi: kotimiri, nanaa na mrehani, yamefungwa pamoja kwa uzi wa mgomba. Alimkabidhi bila neno. Bibi harusi alitakiwa ayatunze siku saba. Siku ya saba wazee wa kike walikuja, akawapikia kwa majani yaleyale. Yakiwa mabichi, figa la tatu huchukuliwa kwenda kwake kwa vigelegele. Yakiwa yamekufa, figa hubaki lilipo mpaka mavuno ya mwaka mwingine, na mwali hula kwa mama mkwe kama mgeni. Na watoto wabaya, siyo ninyi, humpita wakiimba:

Mafiga mawili, moshi hakuna!
Mafiga mawili, moshi hakuna!

Basi alikuwapo kijana mmoja, Makame, akaenda kuposa mbali, Chokaani. Huko ardhi ni nyeupe na ngumu kama meno. Maji yalichotwa kisima cha mbali, mwendo wa asubuhi nzima, na kila kilicholiwa kilikaushwa juani kwanza. Msichana aliyemuoa aliitwa Kidawa. Mama yake alimpa kifuko cha mbegu kavu za giligilani, akamwambia, "Mwanangu, ukitukumbuka, twanga kidogo." Kidawa akafunga safari, akafika Bubujini, akaolewa.

Bi Kazija, mamake Makame, akamkabidhi fungu. Bila neno.

Kidawa akaingia nalo ndani, akalitazama. Hakuwahi kushika jani bichi la mchuzi maishani mwake. Akajiuliza, "Majani haya ni wageni wangu. Mgeni huheshimiwa kwa kitu gani?"

Watoto, kwao Chokaani mgeni huheshimiwa kwa kitu kimoja tu. Maji! Ukimpenda mtu sana, unamjazia kata mpaka imwagike, naye anajua umempenda. Basi Kidawa akaosha fungu lote, jani kwa jani, akalizamisha ndani ya mtungi mpaka hakuna kilichobaki juu. Akasema kwa upole:

"Kunyweni, wageni wangu, kunyweni."

Akafunika kifuniko kwa nguvu. Tawi moja dogo la nanaa lilichomoka, likaangukia ndani ya kata ya kifuu iliyokuwa na maji kidogo, pale dirishani. Hakuliona.

Siku ya pili akafunua, akaongeza maji. "Kunyweni, wageni wangu, kunyweni." Akafunika.

Siku ya tatu akafunua. Lo! Usiniulize harufu iliyotoka. Kotimiri imekuwa utelezi. Mrehani umekuwa mweusi kama kaa. Nanaa imelala kama matope. Kidawa akakaa chini, akaukumbatia mtungi, machozi yakaingia humohumo.

Mnamcheka? Msimcheke. Aliwapa kitu bora alichokijua.

Wakati huohuo akapita wifi yake, Mize, dada wa Makame, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, lakini maneno yalitangulia.

"Hodi, wifi! Mbona nyumba inanuka dimbwi? Umefuga vyura?"

"Karibu, wifi. Sijafuga."

Mize akachungulia mtungini, akaziba pua. "Salaale! Umeyapika kabla ya kuyapika!"

"Wifi, nifanye nini? Nikitia haya mchuzini nitawaua wazee."

"Nyamaza, usilie. Nikwambie siri?" Mize akatazama huku, akatazama huku. "Yangu pia yalikauka. Niliyaacha juani, yakawa kama mkeka. Siku ya sita nikaingia bustani ya mama mkwe wangu alipokuwa anaswali, nikachuma mengine. Nani alijua? Kesho adhuhuri mama akiswali, wewe ingia, kata, toka. Mwizi wa jani si mwizi."

"Kwa nini nisimuulize mama tu, yanatunzwaje?"

Mize akashika kifua. "Umuulize! Hujaona alikukabidhi kimya? Kimya hicho maana yake usiulize. Ndivyo tunavyojua sote."

Kidawa hakulala vizuri. Akiwaza kuiba, moyo unakataa. Akiwaza kuulizia, ulimi unakataa. Akiwaza mwaka mzima wa mafiga mawili, mwili wote unakataa. Makame alimwona hana raha, akamtania, "Mke wangu, hata tukila muhogo mbichi mwaka mzima, mimi meno ninayo." Lakini Kidawa hakucheka. Alitaka jiko lake. Ukiwa ugenini, wanangu, jiko lako ndiyo sehemu ya kwanza inayokuita mwenyeji.

Siku ya nne, adhuhuri, akachukua kisu, akazunguka nyuma ya nyumba ya Bi Kazija. Bustani ilizungushiwa ua wa makuti. Moyo unapiga du, du, du. Akafika penye kilango. Akainua mguu aingie kuiba. Lakini watu wa Chokaani wamefunzwa tangu utotoni, huingii pa mtu bila kubisha. Na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukasema:

"Hodi!"

Na sauti kutoka ndani ikajibu:

"Karibu!"

Ha! Kidawa akabaki na mguu hewani. Katikati ya vitalu, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Bi Kazija, ameshamaliza kuswali, anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na kisu hicho?"

Kidawa hakujua kusema uongo. Hakuwa na mazoezi. Akasema, "Nimekuja kuiba, mama."

Bi Kazija akamtazama. Midomo ikaanza kutetemeka, mabega yakafuata, halafu akacheka, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka kwenye kotimiri. "Yarabi! Nimeishi miaka yangu yote, sijaona mwizi anayepiga hodi!"

Kidawa akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akamwambia yote, mtungi, kifuniko, maji. Alificha jina la Mize tu.

"Na kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Ulinikabidhi bila neno, mama. Nikaambiwa kimya ni katazo."

Bi Kazija akaacha kucheka. "Hata mimi niliambiwa hivyo. Nikaogopa, nikatapatapa na fungu langu peke yangu. Mpaka mama mkwe wangu alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, akanishika mkono akaniambia, 'Kazija, nilinyamaza ili wewe uanze kusema. Nikangoja. Hukuja.' Mwanangu, mimi nilijiapiza mkwe wangu akija, atanikuta. Tangu harusi yako nimekaa hapa kila siku. Tazama vitalu hivi."

Kidawa akatazama. Havikuwa na gugu hata moja. Udongo ulikuwa umepaliliwa mpaka umechoka.

"Basi, mama," akasema, akapiga magoti, "leo naomba kuuliza."

Sasa fungueni masikio, maana alichojibiwa kitawafaa hata ninyi.

"Majani mabichi," alisema Bi Kazija, "ni kama watu. Yanapenda kulowa miguu, hayapendi kuzamishwa kichwa. Kwanza usiyaoshe mpaka saa ya kuyapika, maana jani lililolowa huoza. Kisha usiyaweke chombo kimoja kwa sababu tu yamekuja na uzi mmoja. Kotimiri ni mwenye haya: mguu majini, kichwani mfunike kitambaa chepesi, akae kivulini. Mrehani ni mwoga wa baridi: mguu majini, lakini usimfunike, wala usimweke karibu na mtungi, akiona ubaridi anakuwa mweusi. Nanaa haina makuu. Mpe maji kidogo tu, ubadilishe kila asubuhi, na majani ya chini yanayogusa maji uyatoe."

"Na kupika, mama?"

"Kikavu hutangulia, kibichi humalizia. Kikavu kinahitaji muda wa kuamka. Kibichi kimeshaamka, ukikipika sana unakirudisha usingizini."

Kidawa akayarudia yote mara tatu. Halafu akauliza, "Utanipa fungu jingine?"

"Siwezi. Nikikupa, siku ya saba nitakuwa nimejipikia mwenyewe. Nenda ukatazame ulichobakiwa nacho."

Akarudi nyumbani akiwa mzito. Amebakiwa na nini? Akafagia, akapanga, akafika dirishani kuchukua kata. Na ndani ya kata, kwenye maji kidogo, mguu majini na kichwa juani, alikuwa nani?

Nanaa!

Tawi dogo la nanaa, kijani kabisa! Kidawa akalitoa majani ya chini, akabadilisha maji. Siku ya tano akabadilisha. Siku ya sita akabadilisha, akaona kitu cheupe kama uzi kimetoka kwenye mguu wa tawi. Akalirudisha dirishani.

Siku ya saba wakaja wazee watatu wa kike, mbele yao Bi Mtende, aliyekuwa na fimbo na macho makali kama ya kuku. Mize akaja kutazama, roho juu. Kidawa akapika kwenye jiko la Bi Kazija, nyama ya mbuzi. Akatwanga giligilani ya mama yake, akaitia mwanzo kabisa, ikaamka polepole. Chungu kilipokuwa tayari kuepuliwa, akachuma majani matano ya nanaa, matano tu, akayachanachana kwa vidole, akatia, akafunika, akaepua.

Bi Mtende akaonja. Akaonja tena. "Hii ni nini? Nasikia ukoo wa kotimiri, lakini jani silioni."

"Ni mbegu zake, bibi. Za kwetu Chokaani."

"Na kotimiri tuliyokupa iko wapi? Na mrehani?"

Mize akamkonyeza: sema imeyeyukia mchuzini! Kidawa akasimama. "Imekufa, bibi. Niliizamisha kwa mapenzi. Nimebakiwa na tawi moja la nanaa."

Bi Mtende akagonga fimbo. "Basi figa haliendi. Fungu lilitakiwa kufika siku ya saba likiwa hai. Desturi ni desturi."

Kidawa akainamisha kichwa. Hapo Mize hakuweza tena. "Bibi, na langu pia lilikufa! Niliiba jingine. Kama figa lake haliendi, njooni mkachukue na langu!"

"Umesemaje?"

"Niliiba! Na mnijibu kwa haki, kati yenu nani aliyefikisha fungu lake lilelile siku ya saba?"

Watoto, hamjaona kikohozi! Mzee mmoja akakohoa. Wa pili akapaliwa na mate. Bi Mtende mwenyewe akaanza kutafuta kitu chini, na hakuna kilichoanguka.

Bi Kazija akasema taratibu, "Mkwe wangu, leta tawi lako."

Kidawa akaleta kata ya kifuu. Akalitoa tawi majini, na wote wakaona. Chini yake ilining'inia mizizi myeupe, mingi, kama ndevu za mzee.

"Bi Mtende," akasema Bi Kazija, "mafungu yetu, ya kweli na ya wizi, tuliyafikisha siku ya saba, ya nane tukayatupa. Hili tuliulize lenyewe, li hai au limekufa?"

Bi Mtende akalishika. Akalinusa. Macho yale makali yakalainika. "Li hai," akasema. "Limetuzidi. Na huyu ametuzidi sisi sote, maana ameuliza, akakiri." Kisha akainua fimbo. "Mnangoja nini? Chukueni figa!"

Bi Kazija hakumwachia mtu. Akalibeba mwenyewe, jiwe zito, mpaka jikoni kwa Kidawa, akaliweka. Moja, mbili, tatu. Vigelegele! Jioni ile moshi ukapanda juu ya nyumba ya Kidawa, na watoto waliozoea kuimba wimbo ule mbaya wakakosa wimbo.

Tawi lile Kidawa alilipanda nje ya jiko lake, na giligilani iliyobaki akaipanda kando yake. Na desturi ikabadilika kidogo. Tangu siku hiyo mama mkwe wa Bubujini akikabidhi fungu, huongeza neno moja. Neno gani?

Uliza!

Naam. Uliza. Kwa hiyo wajukuu zangu, mkipewa kitu msichokijua, msikizamishe kwa mapenzi na msikifiche kwa aibu. Mapenzi bila kujua huozesha hata kotimiri. Nendeni mkapige hodi. Huenda kuna mtu amekaa siku nyingi anapalilia pasipo gugu, anawangoja.

Nimefunika chungu. Aliyekipenda kisa hiki akakiweke mguu majini na kichwa nje, kitamwotea mizizi. Asiyekipenda, majani ya nanaa yapo pale nje ya mlango. Achume moja atafune, atoe ladha mdomoni, akalale.